ADN ya mama haijue mwenyeji na mgeni

Mu Likasi, ulizo «uko mutu wa wapi?» lilifukuzaka watu. Mu 1992 jamaa nyingi za Bakasai, hata wenye walizaliwa hapa, zililala ku gare zikingojea treni. Bakambo wao walikuja kutumika Union Minière.

Kuko ADN yenye mama peke yake anapatia watoto wake wote. Lakini ni binti tu njo anaipitisha mbele. Mu 1987 Rebecca Cann na wenzake, kule California, waliilinganisha kwa watu 147 wa mabara mbalimbali. Njia zote zilirudi kwa mwanamke mumoja, pengine wa Afrika, wa miaka karibu 200.000 iliyopita.

Kipimo hiki hakionyeshe nani njo mwenyeji wa Likasi. Kinaonyesha paka kama mama zetu wote walitembea.