Kuusoma Muhogo Kabla Haujang'olewa

Ugonjwa wa batobato mkulima huuona kwa macho: jani limejikunja, lina mabaka ya njano. Ugonjwa wa pili, michirizi kahawia, ni adui mwenye siri. Shina laweza kusimama vizuri na majani yakapendeza, kumbe chini mizizi imeoza ndani. Mkulima wa Chiwata au Newala huujua ukweli siku ya kung'oa, miezi 9 hadi 12 tangu apande. Ndiyo maana wengi huvuna mapema, muhogo ungali mdogo, waokoe kinachookoka.

Mtafiti wa mbegu ana shida hiyohiyo, tena kubwa zaidi. Mmea mmoja wa muhogo una maua ya kike na ya kiume. La kike hufunguka kwanza. Mtafiti hulifunika kwa kifuko, kisha hulipaka chavua ya mzazi aliyemchagua. Tunda hutoa mbegu zisizozidi 3, na kila mbegu huota muhogo wa aina yake. Kuwapima watoto hao ni kungoja mwaka, kung'oa, kukata mizizi na kutazama madoa. Kisha kurudia, kwa sababu nzi weupe waenezao virusi hawawi wengi kila msimu, na mmea uliobahatika kutoambukizwa hufanana na ule wenye kinga ya kweli.

Vinasaba vinafupisha safari hiyo. Alama ya kinasaba ni kipande kinachokaa jirani na kile chenye kinga. Ukimwona jirani, yaelekea mwenye nyumba yupo. Jani changa la mche latosha kwa kipimo. Miche isiyo na alama huachwa, na shamba hubaki kwa ile yenye matumaini.

Alama za michirizi kahawia zimetafutwa hukuhuku kwetu. Watafiti walichavusha muhogo uitwao Namikonga, unaohimili ugonjwa huu, na uitwao Albert, unaoshambuliwa sana. Mihogo yote miwili ni ya wakulima wa Tanzania. Watoto wake walipimwa Naliendele, Mtwara, na Chambezi, Bagamoyo. Matokeo yakachapishwa mwaka 2017.

Namikonga wenyewe una historia ndefu. Mtafiti Storey aliueleza ugonjwa huu mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, na kituo hicho kikachavusha muhogo na mti wa mpira, huohuo ambao majani yake tunayapika kisamvu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba Namikonga una vipande vya vinasaba vya mti huo ndani yake.

Hata hivyo, sikubali kwamba maabara imemaliza kazi. Jirani aweza kuhama: kinga na alama huweza kutengana kizazi kinachofuata. Wala alama ya kinga haisemi kama unga utafaa kwa ugali, au kama makopa yatakauka vizuri. Hayo huamuliwa na mwenye shamba na mwenye jiko, na wanastahili kuulizwa mapema, si baada ya mbegu kutangazwa.

Nawe unayeomba vipando kwa jirani msimu huu, usiyaamini majani. Mwombe ang'oe shina moja, mkate mizizi yake pamoja, ndipo uchukue.