Mikono Kifuani, Macho Kwenye Tarakimu

Usiku wa giza ndio usiku wa dagaa. Mwezi ukipotea, taa za wavuvi hutanda ziwani mbele ya Kibirizi, Katonga na Ujiji. Upepo ukigeuka na mtumbwi ukapinduka, anayetolewa majini akiwa hapumui huanza kutegemea mikono ya wenzake, kisha ya wauguzi, mara nyingi wa Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Je, mikono hiyo inayokandamiza kifua inasukuma damu kweli? Kipima oksijeni cha kidoleni hakiwezi kujibu, maana hutegemea mapigo ambayo hayapo. Kinachojibu ni kapnografu, kifaa kinachopima hewa ya ukaa katika pumzi inayotoka. Mwili hutengeneza hewa hiyo, damu huibeba hadi mapafuni. Damu isipotembea, haifiki. Ndiyo maana anayekandamiza kifua akichoka tarakimu hushuka, na akipokewa na mwenzake hupanda tena. Wapokezane kila dakika 2, hata kama mwenyewe anaapa bado ana nguvu.

Kwa mwenye afya, tarakimu hiyo huwa milimita 35 hadi 45 za zebaki. Katika kukandamiza, ikikaa chini ya 10, kwanza kagua mikono: kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ikiruka ghafla kuelekea 40, huenda moyo umerudi, na mmelijua hilo bila kuacha kukandamiza ili kupapasa shingo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulifuatilia wagonjwa 150. Waliobaki kwenye 10 au chini yake baada ya dakika 20 hawakupona.

Kwa aliyezama kuna mtego. Yeye hukosa hewa kabla moyo haujasimama, na hewa ya ukaa hujaa mwilini. Kipimo cha kwanza chaweza kuwa kikubwa hali damu haitembei. Kinachofuata baada ya pumzi kadhaa ndicho cha kuamini.

Natamani kila kituo cha afya cha mwambao huu kiwe na walau kile kipimo kidogo cha hewa ya ukaa kinachobadilika rangi kutoka zambarau kuwa njano, japo damu ikitembea kidogo mno chaweza kubaki zambarau. Lakini mwaloni kazi huanza bila kifaa chochote. Aliyezama msimning'inize kichwa chini, msimminye tumbo kutoa maji. Hutapika, na matapishi huingia mapafuni. Mlazeni chali, inueni kidevu, mpulizieni pumzi 5, kisha mkandamize 30 kwa pumzi 2, hata ndani ya gari linalopanda kuelekea Maweni.