Kigugumizi Si Aibu, Tutafute Tiba



Katika madrasa zetu, iwe Ifakara mjini, Mang'ula au Mlimba, hakosekani mwenzetu ambaye neno humkwama. Wanaotafuta tiba ni wachache mno. Tumeona tulieleze jambo hili, kwani linalowazuia si umbali wa hospitali peke yake, bali pia vicheko vya wenzao.

Kigugumizi ni nini?
Ni kurudia sauti, kuivuta au kukwama, ilhali msemaji anajua vyema anachotaka kusema. Hakiletwi na upungufu wa akili. Huanza utotoni, na katika baadhi ya koo hurithiwa. Watoto wengi hupona, lakini takriban mtu mzima 1 katika 100 hubaki nacho, wanaume zaidi ya wanawake.

Mbona akisoma nasi hakwami?
Wengine hudhani anajifanya, kwa kuwa darasa likisoma Suratul Mulk kwa pamoja hutiririka, akiitwa peke yake hukwama. Ndivyo kilivyo: kusoma kwa pamoja hukipunguza. Akichekwa leo, kesho atahepa zamu yake, na hatamwambia mtu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Tiba yake
Mtaalamu wa usemi humfundisha kijana kuanza neno taratibu, kujinasua anapokwama, na kusema mbele za watu bila hofu. Huenda kigugumizi kisiishe chote, ila mzigo wake hupungua. Anza kwa daktari, mathalani Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara, uulizie rufaa. Wataalamu ni haba. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha kwa shahada mwaka 2008 tu. Hivyo huenda ukalazimika kusafiri hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400.

Katika Suratu Taha, Nabii Musa (A.S.) aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, tena akaomba nduguye Harun awe msaidizi wake. Kuomba msaada hakukumshushia cheo. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayesoma Qur'ani kwa kukwama na kwa taabu ana ujira mara mbili.

Basi mwenzetu akikwama tumsubiri, tusimmalizie neno. Nawe mwenye kigugumizi, mwambie mzazi wako au ustadhi leo, usingoje.

Wabillahi tawfiq.