Nkambo ajue dawa yake

Tansio ikipanda, mara nyingi hakuna maumivu. Ndiyo maana wazee wengi wakisikia mwili mwepesi wanaacha dawa bila kuuliza munganga, na siku moja wanapooza upande mmoja.

Vijana, musimumezeshe nkambo dawa kama mtoto. Mumusaidie ajiongoze mwenyewe. Hajui kusoma? Muchore jua kwenye paketi ya asubui, mwezi kwenye ile ya usiku. Kila akipimwa, hesabu iandikwe katika kaye yake.

Chumvi ya siku nzima isipite gramu 5, ni kijiko kidogo kimoja, pamoja na ile ya makayabo. Muyaloweke, maji mumwage.

Dawa ikibakia ya juma moja, nkambo mwenyewe aseme. Siku muko masomoni ao kazini, hatakosa kumeza.