Mzigo Mmoja kwa Watu Wengi

Labda una mwana anayesoma kwa njia ya intaneti, naye hulalamika: sauti ya mwalimu imekatika, picha imeganda. Sababu mojawapo ni hii.

Tuseme mwalimu yupo Dar es Salaam, na wanafunzi 40 wanamsikiliza, 20 Kilwa Masoko na 20 Lindi. Kwa desturi somo lile lile hupelekwa mara 40, kila mmoja nakala yake. Ni kama malori 40 yenye mzigo wa namna moja, yakifuatana mpaka Nangurukuru. Njia ikiwa nyembamba, itajaa, na wengine watakosa somo.

Ipo namna nyingine, iitwayo maltikasti. Hapo nakala hutumwa moja tu. Ikifika penye njia panda, kama pale Nangurukuru, mashine ielekezayo njia, yaani ruta, hutoa nakala ya pili: moja huenda Kilwa, nyingine huendelea Lindi. Huko nako hugawanywa vivyo hivyo. Wala si kama redio, ambayo hutangaza kila upande. Anayetaka kusikia huomba kwanza kuingia katika kundi, nalo lina anwani yake, ianzayo na namba kati ya 224 na 239. Pasipo na msikilizaji, hakipelekwi kitu.

Steve Deering aliandika kanuni zake mwaka 1989. Machi 1992 sauti ya mkutano wa wahandisi huko San Diego ilifika vituo 20, katika mabara matatu.

Mbona basi haijaenea? Kwa sababu kila ruta njiani lazima ikubali kazi hiyo, na makampuni mengi ya intaneti hayapitishiani. Vyuo huweza kupatana kwa wepesi zaidi, kwa kuwa vina mitandao ya ushirika. Hapa Tanzania upo TERNET.

Jambo hili si dogo. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika. Siku kama hizo, kupeleka kitu kimoja mara 40 ni hasara kubwa.

Nanyi nyumbani mwaweza kuanza leo. Watoto watano wa jirani wenye somo moja, waketi pamoja mbele ya chombo kimoja. Nakala moja itawatosha wote, na gharama mtagawana.