Maumivu ya Mshipa wa Uso

Leo nataka kuwaeleza habari za ugonjwa ambao watu wengi hudhani ni maumivu ya jino, kumbe sivyo.

Tuseme mama mmoja wa Kolandoto ameketi kula michembe. Anapotafuna, mara maumivu makali yampiga shavuni kama radi, na baada ya kitambo kidogo yamekwisha. Kesho yarudi anaponawa uso, au upepo wa kiangazi unapompuliza. Ang'olewa jino moja, kisha la pili, wala hapati nafuu. Sababu ni nini? Ugonjwa haumo katika jino, umo katika mshipa wa fahamu.

Kila upande wa uso una mshipa huo mmoja, utokao ubongoni. Matawi yake ni matatu: la kwanza laenda kwenye paji na jicho, la pili shavuni, la tatu tayani. Mara nyingi mshipa wa damu huubana karibu na ubongo, hata ukachubuka. John Fothergill, daktari wa London, aliandika habari za maumivu haya mwaka 1773.

Tiba ya kwanza ni dawa iitwayo karbamazepini, itumiwayo pia kwa kifafa. Dawa ikishindwa, ndipo upasuaji hufikiriwa. Njia moja ni kuukata mshipa au kuuunguza. Maumivu huondoka, lakini uso hufa ganzi. Njia ya pili ilienezwa na Peter Jannetta wa Marekani. Daktari hutoboa tundu dogo la fuvu nyuma ya sikio, hutazama kwa darubini, kisha huweka kipande laini kati ya mshipa wa damu na ule wa fahamu. Hivyo mshipa hubaki mzima.

Wagonjwa wengi huumwa upande mmoja tu. Wachache huumwa pande zote mbili. Kwa hao yafaa hadhari kubwa. Kwanza hupimwa, isije ikawa wana ugonjwa mwingine wa ubongo. Tena, tawi la taya ndilo litialo nguvu misuli ya kutafuna. Likiharibiwa kuume na kushoto, kula kutakuwa shida. Nalo jicho lililokufa ganzi halisikii vumbi, hupata kidonda, hata laweza kupofuka. Kwa hiyo daktari hupasua kwanza upande uumao zaidi, hungoja, hupima masikio pia, maana kazi hii yaweza kudhuru kusikia; ndipo huufikiria upande wa pili.

Basi, ukiumwa hivi, usikimbilie kung'oa meno. Nenda Hospitali ya Kolandoto ukaeleze yote. Haja ya upasuaji ikiwapo, mabingwa wa ubongo wako Bugando, Mwanza, na Muhimbili, Dar es Salaam. Wala usiache dawa ghafula bila shauri la daktari.