Chumba cha Mwangwi Kinachopima Ndege

Mwaka 1984, ndege ya kivita aina ya Tornado ya jeshi la anga la Ujerumani Magharibi ilianguka karibu na Holzkirchen, kusini mwa mji wa Munich. Haikupigwa na adui yeyote. Taarifa ya NASA, shirika la Marekani la safari za anga, iliyotolewa mwaka 1995, iliitaja ajali hiyo miongoni mwa zile zilizohusishwa na mawimbi ya redio: ndege ilipita karibu mno na mtambo wenye nguvu nyingi wa kurushia matangazo.

Ndugu msomaji huenda akauliza, je, redio yaweza kuangusha ndege? Katika ndege za namna hiyo, rubani anaposogeza usukani, amri yake husafiri kwa umeme ndani ya nyaya. Mawimbi makali ya redio au rada yakiingia katika nyaya hizo, mitambo yaweza kupokea amri ambayo rubani hakuitoa.

Ndiyo sababu wataalamu hujaribu vyombo vya ndege ardhini, ndani ya chumba cha mwangwi. Kuta, dari na sakafu yake zote ni za metali. Erieli humimina mawimbi humo, nayo hudunda huku na huko kama sauti katika pango, kwa kuwa hayana pa kutokea. Mabapa makubwa ya metali huzunguka mithili ya pangaboi na kuyakoroga, hata kila pembe ipate wastani ulio sawa.

Mama mwenye jiko la mikrowevu atalielewa jambo hili upesi. Humo mawimbi hukusanyika mahali fulani na kupungua pengine. Kwa hiyo sahani huzungushwa ili chakula kisiive upande mmoja. Katika chumba cha mwangwi, chombo hutulia na mawimbi ndiyo yanayokorogwa, yakakipiga kutoka pande zote.

Wakati wa jaribio hapana mtu anayeruhusiwa kubaki ndani. Mafundi hutazama kwa kamera, wakibadili masafa ya mawimbi hatua kwa hatua. Mshale ukitikisika au taa ya hatari ikiwaka bila sababu, udhaifu umefichuka. Mwaka 2003 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ilitoa kanuni maalumu za majaribio haya.

Hata hivyo, kufaulu chumbani hakutoshi. Waya uliochubuka ganda lake la kinga, au skrubu iliyolegea na kushika kutu, hufungua tena mlango uliokwisha kufungwa. Basi fundi wa ndege asidharau kazi ndogo, naye abiria aitii amri anayopewa kuhusu redio na simu yake. Tahadhari kabla ya hatari: askari akirudi salama, jamaa yake nyumbani hulala usingizi.